F12 haifungui kitu? Fuatilia kitufe kinapopotelea

Ukibonyeza F12 au Ctrl+Shift+I na zana za wasanidi programu (sehemu ya kivinjari ya kukagua msimbo wa ukurasa) zisifunguke, usiifute Chrome. Wengi hapa Mwanza hukimbilia kuifuta na kuipakua upya. Bando linakwisha, tatizo linabaki palepale, kwa sababu mara nyingi kivinjari hakina kosa. Kabla hakijakufungulia kitu, kitufe kinapita kwenye kibodi, kwenye Windows, kwenye programu zinazoendelea nyuma, kwenye kivinjari na viendelezi vyake (programu ndogo zilizoongezwa ndani yake), na kwenye ukurasa wenyewe. Popote hapo kinaweza kumezwa. Tafuta kilipomezwa.

Anza kwa kipanya. Bofya kulia kwenye ukurasa, kisha chagua Inspect, mstari wa mwisho wa menyu. Zana zikifunguka, ujue tatizo liko kwenye mkato tu, yaani vitufe unavyobonyeza badala ya kutumia menyu. Zikigoma hata hapo, andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani utafute DeveloperToolsAvailability. Thamani ikiwa 2, msimamizi wa kompyuta hiyo amezizima. Hali hii hutokea kwenye kompyuta za maabara na za ofisi, na hakuna mkato utakaoipita. Zungumza na msimamizi. Kwenye Edge angalia pia mipangilio ya mfumo, maana kuna swichi inayoamua kama F12 ifungue zana au isifungue.

Laptop zilizotumika, ambazo ndizo wengi wetu tunazoanzia, zina matatizo mawili yanayojirudia. La kwanza ni safu ya juu ya vitufe kuwekwa kwenye kazi za sauti na mwanga, hivyo F12 haitoki bila kushika Fn. Kwenye Lenovo na Dell nyingi, Fn+Esc hubadilisha hali hiyo. Kwenye HP nyingi, washa mashine huku ukibonyeza F10, ingia System Configuration, uzime Action Keys Mode.

La pili ni herufi zilizochapwa kwenye kibodi kutolingana na mpangilio uliowekwa kwenye Windows. Mashine iliyotoka Ufaransa ina M upande wa kulia wa L, lakini Windows ikiwa kwenye mpangilio wa Marekani, kitufe hicho ni nukta mkato. Ukibonyeza Ctrl+Shift+M kwa kufuata macho, kompyuta inasikia kitu kingine kabisa. Ukiweka mpangilio wa Kifaransa au wa Kijerumani, mabano ya mraba yanahitaji AltGr (Alt ya kulia), basi Ctrl+[ na Ctrl+] za kuhama kati ya paneli zinakataa. Bonyeza Windows+Space uone mipangilio mingapi imewekwa, ubakize mmoja. Ikiwa miwili, Ctrl+Shift yenyewe inaweza kuwa mkato wa kubadili mpangilio; kidole kikiachia kabla ya kufika herufi, kibodi inabadilika kimyakimya.

Kibodi za bei nafuu nazo zina udhaifu wake: baadhi hazisomi vitufe vitatu fulani vikibonyezwa pamoja. Jaribu Ctrl au Shift ya upande wa pili. Ikikubali, ni waya za ndani ya kibodi, achana na programu. Ukitaka uhakika, fungua kibodi ya skrini kwa Windows+Ctrl+O, uone kila kitufe kinawaka unapokibonyeza.

Programu za nyuma huwa hazishukiwi, na ndizo zinazostahili kushukiwa. Programu ya kadi ya picha ya AMD, kwa mfano, imekuwa ikitumia Ctrl+Shift+I kupiga picha ya skrini. Za kurekodi skrini nazo zina tabia hiyo. Zifunge moja moja huku ukijaribu. Viendelezi utavikuta chrome://extensions/shortcuts. Futa mkato unaogongana. Kwenye Ubuntu za zamani, Ctrl+Shift+E ya Firefox, inayofungua paneli ya mtandao, ilichukuliwa na IBus, programu ya mfumo inayosimamia uandishi wa kibodi, kwa ajili ya emoji. Endesha ibus-setup uiondoe.

Vyote vikiwa salama, uulize ukurasa. Fungua zana kwa kipanya, zitenge zikae kwenye dirisha la peke yake, na kwenye konsoli (sehemu ya zana ya kuandikia amri) uandike:

addEventListener('keydown', e => setTimeout(() => console.log(e.key, e.code, e.defaultPrevented), 0), true)

Ukiibandika na konsoli ikakataa, andika kwanza allow pasting. Kisha bofya ndani ya ukurasa, ubonyeze mkato wako. Zana zikijifunga, mkato ni mzima. Ikitokea mistari ya Ctrl na Shift tu, bila mstari wa kitufe cha mwisho, kitufe hicho kilimezwa kabla ya kufika. Rudi nyuma kwenye Windows, programu na viendelezi. Mstari ukiishia na true, ukurasa ndio ulioukataa.

Hapo andika getEventListeners(document).keydown, na window pia, uone msimbo wenyewe. Kosa lenyewe mara nyingi ni dogo. Tuseme umetengeneza mfumo wa kuingiza bei za dagaa na sangara kwa wafanyabiashara wa Mwaloni Kirumba, ukaweka Ctrl+I ifungue fomu mpya. Sharti likiwa e.ctrlKey && e.code === 'KeyI' na ndani yake kuna preventDefault (amri ya kukizuia kivinjari kisifanye kazi yake ya kawaida), umekamata Ctrl+Shift+I pia, kwa sababu hukuuliza kuhusu Shift. Ongeza && !e.shiftKey && !e.altKey, imekwisha.

Wapo wanaozuia F12 makusudi wakidhani wanalinda tovuti. Hawalindi chochote: msimbo umeshafika kwa mgeni, na akibofya kwanza kwenye sehemu ya anwani kisha akabonyeza F12, zana zinafunguka bila ukurasa kujua. Linda data kwenye seva.

Mikato inayogoma huku zana ziko wazi ni suala jingine, na karibu kila mara ni mahali ulipobofya mwisho. Ukibonyeza Ctrl+P kutafuta faili ukaletewa dirisha la kuchapisha, umebofya mwisho kwenye ukurasa. Ctrl+Shift+M ikileta orodha ya wasifu badala ya mwonekano wa simu, sababu ni hiyohiyo. Bofya ndani ya zana, urudie. F8, F10 na F11 zikisumbua wakati wa kupitia msimbo hatua kwa hatua, Chrome ina Ctrl+\, Ctrl+' na Ctrl+; kwa kazi hizohizo.

Aliyehamia Firefox ajue kwamba konsoli ni Ctrl+Shift+K, na Ctrl+Shift+J inafungua konsoli ya kivinjari kizima. Ctrl+Shift+P, ambayo ndani ya zana za Chrome inaleta menyu ya amri, huko inafungua dirisha la faragha.

Na kama kuna mtu aliwahi kubadilisha mikato ndani ya Chrome, bonyeza F1 ukiwa ndani ya zana, nenda Shortcuts. Hakikisha juu pameandikwa DevTools, si Visual Studio Code, kisha teremka hadi chini ubofye Restore default shortcuts.