Kwanza tuone faili

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama radhi ya serikali kwa raia waliouawa vitani ina maana yoyote baada ya miaka hamsini au mia. Ina maana, ila mimi huanza kuuliza faili ziko wapi.

Tuanze na Hola, pale Mto Tana. Machi 3, 1959, mahabusu 11 wa wakati wa Mau Mau walipigwa marungu na askari wa kambi hadi wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Ati maji! Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wakati huo, akasimama bungeni London, akasema Uingereza inasikitika, na makubaliano ya pauni milioni 19.9 yakafikiwa na Wakenya 5,228 walioteswa. Dhima ya kisheria ikakataliwa hapohapo. Wala tusidhani ni huruma iliyowasukuma. Wazee walikuwa wameshafungua kesi, na mwaka 2011 serikali ikabanwa ikakiri kwamba masanduku kama 300 ya nyaraka kutoka Kenya yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza.

Uholanzi nayo ilisubiri kushtakiwa na wajane wa Rawagede, kijiji cha Java, Indonesia, ambako askari wake waliwapiga risasi wanaume mwaka 1947. Ilipojitetea kwamba muda umepita, mahakama ya The Hague ikaikatalia.

Majimaji je? Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Novemba 1, 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906. Simbezi, maana kufika tu ni jambo. Lakini aliyeona ghala la babake likiteketea hayuko hai kwenda kortini, kwa hiyo msamaha ule haukumgharimu mtu senti.

Ukoo unaamini fuvu la Nduna lilipelekwa Ujerumani, na Steinmeier aliahidi kusaidia kulitafuta. Basi makumbusho za kule zitoe sajili zake zote, zisomwe na wanahistoria wetu pia: fuvu gani liliingia, mwaka gani, na afisa gani alilipeleka.