Usiombe radhi kwa sababu ya gemu

Mdogo wangu wa Mbeya, umesema mwalimu anataka maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu picha yako ya Mlima Loleza, uliyoichora kwa miraba kama gemu la zamani, na unaogopa ataona ni utoto. Basi usianze na "napenda magemu". Hilo halimwambii kitu.

Anza na mkono wako. Kwenye picha uliyotuma, ukungu wa asubuhi na mabati ya Mwanjelwa vina kijivu kilekile. Ulikusudia, au rangi ilikuishia? Vyovyote iwavyo sema kweli, maana hapo ndipo penye utamu. Kwenye gemu la Super Mario Bros. la 1985, mawingu na vichaka ni umbo lilelile, limebadilishwa rangi tu, kwa kuwa nafasi kwenye kaseti ilikuwa finyu. Mario mwenyewe, mhusika mkuu wake, alipotokea mara ya kwanza mwaka 1981, alipewa masharubu na kofia kwa sababu nukta hazikutosha kuchora mdomo na nywele. Wewe uhaba wako ulikuwa upi?

Kisha taja kilichokushinda. Yule mama wa viazi pale chini, miraba yake ni mikubwa mno, ndoo imemezwa na kanga. (Nilicheka kidogo, nisamehe.) Ungetumia miraba midogo, au ungebakiza ndoo peke yake?

Gemu lako litaje mara moja: ulichochukua, ulichoacha. Na usinakili maelezo ya mtandaoni, walimu wa sanaa huyanusa mapema.