Fundi anasema gia boksi imekufa, jirani anasema ni bushi za injini

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Corolla 110 ya 1998, otomatiki, injini 5A. Miezi kama miwili hivi nikiwa kwenye foleni nimekanyaga breki, gia iko D, gari lote linatetemeka, usukani, dashibodi, mpaka sarafu za konda nilizoweka kwenye kisahani zinalia, nikitupa N linatulia kabisa unaweza ukadhani limezima. Halafu nikiweka R linapiga kishindo kudu! Fundi wangu anasema gia boksi inakufa nitafute laki tisa tufunge ya mtumba. Jirani yangu anasema ni bushi za mauntingi tu, yaani ile mipira inayoshikilia injini, na kuna mtu anamjua anachonga kwa mpira wa tairi, elfu ishirini kazi imeisha. Nimsikilize nani? Na Ijumaa nina safari ya Moshi. (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo laki tisa usiitoe kwanza. Gia boksi ya otomatiki ikianza kufa mara nyingi inachelewa kushika, unaweka D unasubiri moja, mbili, ndo gari linasogea, au unakanyaga mafuta injini inalia tu gari haliendi, na ukichomoa dipstiki yake oili nyeusi inanuka kuungua. We hujasema hata kimoja kati ya hivyo. Ulichosema ni kutetemeka kwenye D na kutulia kwenye N, na hiyo mimi nikiisikia mkono unaenda wenyewe kwenye mauntingi.

Iko hivi. Kwenye N injini inazunguka haijabeba kitu. Ukiweka D huku umeshika breki, inasukuma gia boksi ambayo haina pa kwenda, kwa hiyo mzunguko unashuka na injini yenyewe inajilaza upande mmoja, na kinachoizuia ni ile mipira. Mpira ukichanika chuma kinagusa chuma, na mtetemo wote unapanda kwenye bodi mpaka kwenye sarafu zako. Kile kishindo cha R nacho ni hivyo hivyo, injini inajilaza upande wa pili, na pale mpira ulipokwisha pana nafasi, sasa inaiziba kwa kugonga.

Pima mwenyewe kabla hujamlipa mtu. Fungua boneti, vuta handibreki, mtu unayemuamini akae ndani akanyage breki mpaka mwisho, awe anabadilisha D, N, R taratibu bila kukanyaga mafuta. We simama PEMBENI, narudia pembeni, usisimame mbele ya gari hata kama anayekanyaga ni mkeo. Injini kucheza kidogo ni kawaida, ila ukiona inainuka kama inataka kuchungulia nje, umeshapata jibu.

Gari yako ina mauntingi nne. Mbili za pembeni, ya kulia kwenye injini na ya kushoto kwenye gia boksi, na mbili zinakaa juu ya ile bimu ya katikati inayopita chini ya injini, moja mbele upande wa rejeta na nyingine nyuma kabisa. Hizi mbili za bimu ndo zenye bushi unayoisema, duara la mpira na bolti limepita katikati. Chukua tochi, chomeka mtaimbo nyembamba halafu sukuma kidogo. Mpira mzima unakaza mkono, uliokufa unaachia na utaona ufa kama mdomo umefunguka. Ya nyuma imejificha kwa hiyo mafundi wengi wanaisahau, wanabadilisha ya mbele tu halafu wanashangaa gari bado linatetemeka! Na ukikuta mpira umevimba na kulainika kama bigijii, ujue oili inadondokea hapo, mara nyingi inatoka gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, sasa usipoziba hiyo kwanza na mpya utaizika mapema.

Kuhusu tairi: nimeshafanya huo ujinga kwenye Starlet yangu enzi hizo, hela ilikuwa hakuna, kwa hiyo sikucheki. Wiki ya kwanza utamsifia fundi. Ila mpira wa mauntingi ya kiwandani umeshikana na chuma chake, wa tairi umesokomezwa tu, ni mgumu, unalika na unaanza kuzunguka ndani. Mimi ulitoka vipande vipande nikiwa njiani na hela ya mafuta tu mfukoni.

Kwa hiyo nenda Kariakoo, Gerezani pale, na namba ya chesisi na ile mbovu mkononi, maana ya otomatiki na ya manyuo zinaweza kutofautiana. Nunua mpya. Mtumba wa Japani unaonekana msafi lakini mpira nao umezeeka kama wako, mimi kwenye chuma nanunua mtumba, kwenye mpira hapana. Mpya nayo ikunje kidogo kwa kidole, ikitoa nyufa ndogo ndogo rudisha.

Kufunga si kazi kubwa, spana namba 14 na 17 ndo utazitumia sana. Kama mtu anaingia chini gari likae kwenye stendi, sio jeki peke yake. Weka jeki nyingine chini ya injini ila katikati weka ubao mpana, usiigusishe sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, hivi hivi itabonyea, na unanyanyua kidogo tu, uzito ukitoka kwenye mauntingi basi. Fungua moja, funga moja, usizitoe zote kwa mkupuo injini ikakuning'inia. Na hapa ndo wanapokosea wengi: bolti zote zishike kwa mkono kwanza, shusha jeki, itikise injini ijikalie, NDO ukaze. Ukikaza ikiwa imenyanyuliwa ule mpira mpya unabaki umejipinda na mtetemo unarudi.

Ukikuta zote nne nzima, basi angalia kama sailensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, imeshuka au plagi moja haichomi, hizo nazo zinatetemesha kwenye D. Gia boksi iwe ya mwisho.

Moshi Ijumaa: kama ni bushi ya bimu imechoka tu utafika, ila bila fujo za kukanyaga mafuta ghafla. Kama ni ya pembeni imekatika kabisa injini imelala, panda basi, maana zile nyingine zinabeba mzigo wake na draivu shafti zinazozungusha matairi na bomba la egzosi vinavutwa njia nzima, na hiyo njia inazidi kilomita 500.