Kocha wa shule asiye na kombe ameacha nini? Niliyoyakuta kwenye madaftari ya Mwalimu

Mleta mada ameuliza swali lililonigusa: mtu aliyefundisha mpira sekondari zaidi ya miaka ishirini, kabati la shule halina kombe lake kubwa, na hakutoa mchezaji hata mmoja wa timu ya taifa, je, ameacha nini? Wachangiaji kadhaa wamejibu kwamba hakuacha kitu. Wakuu, sikubaliani nanyi, na naomba mnivumilie niseme kwa kirefu, kwa sababu kocha wa namna hiyo ndiye aliyenilea na leo mimi mwenyewe nafundisha timu ya shule.

Tulimwita Mwalimu. Walimu walikuwa wengi, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza jina, shule nzima ilijua ni nani. Asubuhi alifundisha hesabu. Jioni alikuwa uwanjani, kipenga shingoni na daftari kwapani.

Mimi nilikuwa kipa wa tatu. Aliyecheza mpira anajua uzito wa nafasi hiyo. Winga wa akiba ana matumaini, maana mawinga huchoka, lakini goli lina mtu mmoja tu na mtu huyo hachoki. Kwa makocha wengi mtoto kama mimi ni wa kubeba koni na kuokota mipira nyuma ya nyavu. Mwalimu alinipa nusu karatasi na kalamu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu beki wao wa kushoto amepanda mara ngapi, na kila akipanda, ni nani anayebaki kuziba pengo lake. Wakati wa mapumziko akaniita nisimame mbele ya timu, yeye mwenyewe akiwa hajasema neno. Nilitetemeka. Nikasema amepanda mara tisa, na mara saba pengo limebaki wazi. Akamgeukia winga wetu wa kulia: "Umesikia?" Kipindi cha pili tulipita huko huko mpaka tukasawazisha. Tangu siku hiyo nilifika mazoezini kabla ya wote.

Mwaka 1992 ilikuja ile sheria ya kumkataza kipa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Vijana wanaomwona kipa wa leo akianzisha mashambulizi huenda hawajui kwamba zamani timu ikiongoza bao moja, beki na kipa wangeweza kurudishiana mpira mpaka watazamaji wakasinzia. Siku ya kwanza baada ya Mwalimu kupata habari hiyo, alituvua glavu makipa wote watatu na kutuingiza kwenye duara la kupasiana pamoja na viungo. Wiki nyingi tulifanya hivyo. Kipa wa kwanza alinung'unika sana. Mimi nilifurahi, kwa sababu kwa upande wa miguu sote watatu tulikuwa tunaanza upya.

Na hesabu zake alizileta uwanjani. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na mtoto ukimwambia namba hizo hazimwingii. Mwalimu alifunga kamba mbili, kila moja kwenye mlingoti wake, akazivuta na kuzikutanisha pale mpira ulipo. Akaniweka kwenye mstari wa goli nikiwa nimenyoosha mikono, kisha akaniambia nisogee mbele hatua moja moja. Niliona kwa macho yangu nafasi kati ya vidole vyangu na kamba ikipungua kila hatua. Halafu akaudokoa mpira ukapita juu ya kichwa changu, nikaelewa kwa nini kipa hasogei mbele bila kikomo. Nimetumia kamba hizo kwa kila kipa niliyemfundisha.

Sitaki mdhani alikuwa malaika. Miaka ya mwanzo aliamini, kama makocha wengi wa enzi zake, kwamba maji katikati ya mazoezi humfanya mtu awe mzito. Tulikimbia kwenye jua kali midomo imekauka. Siku moja kijana alianguka, misuli imekaza miguu yote miwili, macho hayaoni vizuri. Aliinuka baada ya muda, lakini Mwalimu alitukusanya kesho yake akasema alikosea na hatarudia. Mtu mzima, mwalimu wetu, akisema hivyo mbele ya watoto. Ndoo ya maji haikuondoka tena pembeni ya uwanja.

Sasa nije kwenye fainali, ambayo ndiyo watu humkumbukia, na wengi humkumbukia kwa ubaya.

Tulifika fainali mara moja tu. Matokeo yalikuwa sare bila bao, na Mwalimu alikuwa ameshamaliza mabadiliko yote kufikia dakika ya 60. Muda si mrefu mshambuliaji wetu aligongana kichwa na beki wao. Akainuka, akapangusa nyasi, akasema yuko sawa. Mwalimu akamuuliza: "Tunashambulia goli lipi?" Yule kijana akanyoosha mkono kuelekea goli letu wenyewe. Mwalimu akamtoa. Tukabaki kumi. Tukafungwa bao moja dakika za mwisho.

Maneno aliyoambiwa jioni ile siwezi kuyaandika hapa. Mzazi mmoja alimtukana mbele yetu. Kijana mwenyewe alilia, akakaa wiki nzima bila kumsalimia. Siku hizo habari za mtikisiko wa ubongo hazikuzungumzwa kwenye viwanja vya shule. Leo inafahamika kwamba kijana akigongwa tena kabla ubongo haujapona, unaweza kuvimba na kumuua. Mabadiliko ya ziada kwa mchezaji anayehisiwa kupata mtikisiko yalianza kujaribiwa mwaka 2021, na mwaka 2024 yakaingia kwenye sheria za mpira kama hiari ya waandaaji wa mashindano. Mwalimu hakuwa na sheria ya kumkinga. Alikuwa na swali moja tu, na jibu alilolipata lilimtosha.

Alipofariki, binti yake aliniletea madaftari 14 yaliyofungwa kwa kamba. Alisema baba yake aliagiza yaje kwa "yule kipa wangu wa kuhesabu". Niliyasoma kwa siku nyingi. Orodha ya kila mechi inaanza na waliokaa benchi, ndipo wanafuata kumi na moja. Mbele ya kila jina kuna neno au mawili. "Amepungua, niulize nyumbani." "Anamwogopa nahodha." Kuna beki ambaye sote tulimwita mwoga kwa sababu mipira mirefu ilimpita kila mara. Mechi tatu mfululizo Mwalimu ameandika: "Ya karibu anacheza vizuri. Ya mbali haioni?" Ukurasa unaofuata: "Nimemhamishia dawati la mbele." Na baadaye: "Amepata miwani." Sisi tulikuwa tunamcheka, naye Mwalimu alikuwa anampima macho kwa mipira ya juu.

Ukurasa wa fainali nilikuwa nauogopa. Nilitarajia uchungu, au angalau neno kuhusu yule mzazi. Kuna matokeo, kuna jina la kijana, kisha mistari hii: "Nimemaliza wa akiba mapema. Sikuwa na mtu. Kosa langu, si la mtoto." Chini yake kwa penseli: "Kuanzia leo mmoja abaki."

Niliyafungua madaftari yote yaliyofuata kuhakikisha. Miaka yote mpaka anastaafu, hakuna mechi ambayo mchezaji wa mwisho wa akiba aliingia kabla ya dakika kumi za mwisho. Mechi nyingine alipoteza kwa ajili hiyo, unaona kabisa kwenye maandishi kwamba kiungo amechoka tangu mapema na Mwalimu anamwacha. Watu walisema ni mzito wa kubadilisha timu. Hakuwahi kujieleza.

Kwa hiyo mleta mada, mimi jibu langu ni hilo daftari. Msimu huu tulikuwa nyuma bao moja na msaidizi wangu, kijana asiyewahi hata kumwona Mwalimu, akaniuliza kwa hasira kidogo kwa nini simwingizi mshambuliaji aliyebaki. Nikamsimulia habari ya ile fainali pale pale kando ya mstari, mechi ikiendelea. Hakunijibu kitu. Wiki iliyofuata nilikuwa na udhuru, akaisimamia timu peke yake. Niliporudi nikafungua daftari letu nione alivyoiendesha timu. Orodha imeanza na benchi. Wa akiba wa mwisho ameingia dakika ya 84.