Jibu: Dawa ya masundosundo isimpakwe mgonjwa wa saratani

Jambo dada wa Kadutu. Unauliza kama imikwimodi, krimu uliyopewa kwa masundosundo ya sehemu za siri, inaweza kumsaidia na mama mkubwa mwenye saratani ya shingo ya kizazi, maana vyote viwili vinatokana na kirusi kiitwacho HPV. Hapana, usimpe.

Mimi ni nesi hapa Bukavu, swali hili naulizwa sana. Kwanza angalia aina ya kirusi: masundosundo mengi ya sehemu za siri ni HPV aina ya 6 na 11; kwenye saratani hiyo zinaongoza aina ya 16 na 18. Tena dawa yako haiui kirusi. Ndani ya seli za kinga kuna kipokezi TLR7, mlinzi anayeshtuka akinusa RNA, yaani aina ya vinasaba ambayo virusi vingi hubeba. HPV vinasaba vyake ni DNA, si RNA, tena inajificha ngozini kimyakimya, mlinzi anasinzia. Imikwimodi inampigia kengele ya uongo (ujanja huo unanifurahisha mpaka leo), interferoni (protini za kuamsha kinga) zinatoka, kinga inaamka pale ulipopaka. Ndiyo maana panakuwa pekundu na kuwasha.

Uvimbe wa saratani uliokwisha kuzama ndani ni kazi ya upasuaji, mionzi au kemo (dawa za kuua seli za saratani), kulingana na hatua yake. Mama mkubwa alishakatwa kinyama kikapimwa? Anzeni hapo. Na wewe, kama una mimba, mwone daktari kabla ya kupaka tena.