Maswali Yenu: Waya Imeandikwa Shaba, Ndani Kuna Nini?

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Arua. Ukumbi wetu wa sherehe una spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita), kila moja iko mita 40 kutoka kwenye amplifaya. Nilinunua Kampala roli mbili za mita 50, waya pacha yenye jina kubwa. Ganda lake limechapwa 2 x 2.5 mm² na kwamba ni shaba tupu, ila bei ilikuwa ya kushangaza kwa udogo. Sauti imefifia, besi imelegea. Fundi aliunganisha ncha mbili za mwisho wa roli, akapima upande wa pili, mita ikasoma omu 3.9. Anasema ninunue orijino ya jina hilohilo, na bei yake ni mara kumi. Nimsikilize?

JIBU: Kupima amepima vizuri, ila dawa aliyokuandikia siyo. Kwanza mwambie agusanishe vijiti vya mita yake vyenyewe kwa vyenyewe. Mita nyingi za bei ya chini husoma omu 0.2 au 0.3 hata kabla hazijapima kitu. Ukitoa hiyo, unabaki na 3.6 hivi. Shaba ya milimita za mraba 2.5 ina omu 0.0069 kwa kila mita. Roli ya mita 50 ni mita 100 za kwenda na kurudi, kwa hiyo ilitakiwa isome 0.7 tu. Yako imezidi mara tano.

Pengo kubwa namna hiyo lina maana umepunjwa mara mbili, kwenye madini na kwenye unene. Menya ganda sentimita 5 uhesabu nyuzi za upande mmoja wa waya pacha. Waya laini ya 2.5 kwa kawaida ina nyuzi 50 za milimita 0.25. Chukua uzi mmoja, uzungushe mara 10 kwenye kalamu ya risasi, mizunguko ikigusana, kisha pima upana wake kwa rula. Upana wa milimita 2.5 ni uzi wa 0.25, wa milimita 2 ni uzi wa 0.20. Tunakisia utakuta nyuzi 24 za 0.20, ambazo ni milimita za mraba 0.75, basi. Unono uliouona ni wa plastiki.

Halafu kwaruza uzi huo kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyovikwa shaba, ambayo ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba. (Weupe juu na wekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati, hiyo ni nzuri, usiirudishe.) Ukitaka uhakika, shika uzi mmoja kwa koleo juu ya moto wa kiberiti cha gesi: alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, ikajikunja na kukatika, shaba huiva nyekundu na kubaki ilivyo, maana inahitaji 1,085. Alumini ya 0.75 kwa mita 100 inatoa hiyohiyo 3.6 ya fundi wako.

Kwa mita zako 40 ni omu 2.9 zilizokaa kati ya amplifaya na spika. Spika inapata asilimia 54 hivi ya nguvu ambayo ingepata kama waya isingekuwa na ukinzani, na amplifaya haiwezi tena kuidhibiti koni, ile sahani ya spika inayotikisika, ndiyo maana besi inalegea.

Nunua waya pacha laini ya umeme, milimita za mraba 2.5, shaba, yenye alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Haina jina la muziki wala haihitaji. Kwa mita 40 ukinzani utakuwa omu 0.55 na spika itapata asilimia 87. Njia iliyo bora zaidi ni kusogeza amplifaya karibu na spika na kuacha waya ya maikrofoni ndiyo isafiri mita 40. Dukani omba mizani: shaba ya roli ya mita 50 ya 2 x 2.5 peke yake ni kilo 2.2, kabla ya plastiki. Roli nzima ikiwa chini ya hapo, hakuna mjadala. Uliza pia wanunuzi wa shaba chakavu wanalipa ngapi kwa kilo. Roli mpya haiwezi kuuzwa chini ya chakavu chake.

Hiyo uliyonayo itumie kwa spika ndogo za mita 3 au 4. Usithubutu kuiweka kwenye umeme wa volti 240. Alumini hulegea chini ya skrubu, kiungo kinapata moto, na plastiki ndiyo huanza kuungua.

SWALI: Muuzaji hapa Mbarara ananiambia waya ya spika ya milioni 2 ina mshale wa kuonyesha upande wa kupeleka muziki, na lazima ipitishwe muziki saa 200 ndipo sauti ifunguke. Ni kweli?

JIBU: Umeme wa muziki huenda na kurudi mara nyingi kwa sekunde, ungefuata mshale ungepata nusu ya wimbo. Mshale una kazi kwenye baadhi ya waya za kuunganisha mashine na mashine, pale kinga ya nje inapofungwa upande mmoja tu. Kwenye spika ni pambo. Na katika zile saa 200, kinachozoea ni sikio lako.

Usibishane naye, mpime. Waya mbili zenye urefu na unene sawa, sauti kiwango kilekile, msaidizi nyuma ya pazia akirusha sarafu kuamua ipi ifungwe. Raundi 16. Anayebahatisha hufikisha 12 au zaidi chini ya mara 4 katika 100. Mwaka 2007, Mmarekani James Randi, mwanamazingaombwe aliyefichua madai ya uongo, aliweka dola milioni 1 kwa atakayetofautisha kwa sikio waya za spika za dola 7,250 na za kawaida. Hakuna aliyezichukua.

SWALI: Waya ya HDMI, ile ya kupeleka picha na sauti kwenye TV, ikiwa na dhahabu inaongeza rangi?

JIBU: Hapana. Dhahabu huzuia kutu tu. Waya mbovu hutoa vidoa vinavyometameta kwenye picha au skrini kuzimika, si rangi hafifu. Kama picha ya 4K haikatiki, iache ilivyo.