Mwanafunzi mgeni anakuja kukaa kwako: niliyoyaona Kikwajuni

Shoga yangu, umeshapigiwa simu kwamba mwanafunzi wako anafika wiki ijayo, na najua sasa hivi unawaza mapazia mapya na nani atakuazima seti ya sahani. Wacha kwanza. Mimi nilianza hivyo hivyo, na sahani zile mpaka leo zimo kabatini hazina kazi.

Wanafunzi 11 wameshakaa kwangu. Wanakuja kusoma Kiswahili pale Vuga, ambapo wazee wa mji bado wanapaita Takiluki, ingawa siku hizi ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wengi wamekianza kwao, maana Osaka, Leipzig, Bayreuth na Seoul kote kinafundishwa chuo kikuu. Kwa hiyo mtu anaweza kushuka kwenye gari akakuamkia shikamoo kabla wewe hujapata neno la kumwambia. Na usikae ukimsubiri mzungu. Jirani yangu mmoja alimpita mgeni wake bandarini mara mbili, kumbe ni Mmarekani mweusi, amesimama pale na sanduku anamtazama.

Wangu wa kwanza alikuwa binti wa Kijapani. Nilinunua uma, jemu, siagi ya kopo, na boflo la moto kila asubuhi. Nikamwandalia mezani ukumbini, peke yake, feni imemwelekea, sisi tukakaa jikoni kwenye mkeka na sinia letu kama siku zote. Nikaona nimemheshimu. Yule mtoto alikula siku mbili akitazama ukuta. Siku ya tatu akaja mpaka jikoni, akapiga hodi kwenye pazia, akasema polepole kama anayesoma shairi: "Mama, leo siku ya tatu. Jembe langu liko wapi?"

Walishafundishwa ile methali darasani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jembe sina, nakaa ghorofani, nikampa mbuzi. Akaikalia kiubavu, akaikuna ile nazi kwa nguvu zote mpaka akafika kwenye kifuu, tui likatoka la kijivu lina chembe nyeusi. Mama mkwe wangu akamshika mkono akamwonyesha: nazi unaizungusha, huisukumi, na ukiona weupe umeanza kuingia rangi ya udongo unaacha. Ya pili ikatoka safi. Siku ile alikula nasi kwenye sinia, na mchuzi wa pweza tukausifu kuliko ulivyostahili.

Ndiyo maana nakwambia mpe kazi mapema, na iwe kazi kweli, ambayo akiiharibu chakula cha wote kinaharibika. Kumwita akoroge sufuria mara mbili apigwe picha si kazi. Wanalijua hilo. Mwanamme naye mpe. Kijana wangu wa Leipzig alikuwa akibeba ndoo za maji ngazi tatu maji yakikatika, na ndiye aliyekuwa na raha kuliko wote. Alipoambiwa kwamba majumba haya tulijengewa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, akashuka chini kuyatazama upya, akawa anawaambia watoto wangu kwamba kwao kuna ngazi kama hizi hizi.

Chakula. Muulize kabla hujapika, si baada, na umuulize kwa jina la kitu. Ukimuuliza "unakula nyama?" akasema hapana, wewe utampikia kuku, maana kwetu nyama ni ng'ombe na mbuzi. Nilifanya hivyo. Alikula wali mkavu, akasema ameshiba, usiku nikamsikia anatafuna biskuti chumbani. Sasa nauliza kimoja kimoja: kuku? samaki? dagaa? supu ya mifupa ndani ya maharage? Njugu uziulize mara mbili, kwa sababu wapo ambao njugu kidogo tu zinawavimbisha koo, na hilo ni jambo la kukimbizana hospitali. Maji ya kunywa chemsha, na barafu pia itoke kwenye maji yaliyochemshwa. Mimi barafu niliisahau, tukalipa wote kwa siku tatu.

Lililonisumbua zaidi ni mlango. Kwetu mtu akijifungia chumbani mchana ama anaumwa ama ana ugomvi. Basi yule binti akijifungia, kila nusu saa nilikuwa nagonga: umelala? kichwa kinauma? tumekukosea? Naye anafungua, anatabasamu, anajibu. Mwezi mzima. Mwisho akaniambia kwa aibu kwamba siku nzima anasikiliza Kiswahili, na jioni kichwa chake kinakuwa kama redio iliyo baina ya stesheni mbili, anataka saa moja tu asisikie kitu. Hakuwa na ugonjwa wala kinyongo. Tangu hapo nikiona mlango umefungwa napita kimya, na watoto nawafukuza.

Lakini na yeye ana lake la kujifunza, na ni juu yako kumwambia, usimwachie abahatishe. La kwanza ni kuaga. Mwengine alipanda daladala akaenda Nungwi na wenzake bila kusema, simu ikazima chaji, sisi saa nne ya usiku tunazunguka na tochi. Aliporudi asubuhi alishangaa kutukuta tunalia. Kwao mtu wa miaka 22 haagi. Nilimkalisha nikamwambia kwa maneno yaliyonyooka: hapa wewe ni mwanangu, na mwanangu akitoka husema anakwenda wapi na atarudi saa ngapi, tena ataje kama ni saa za Kiswahili au za kizungu. Hakukasirika hata kidogo. Tatizo letu sisi tunapenda kusema kwa mafumbo, tununue kanga yenye maneno tuikunjue mbele yake tukidhani ataelewa. Ataisifu rangi. Mavazi ya njiani, wageni wa kiume chumbani, pombe, yote mwambie siku ya kwanza, ukicheka ukitaka, lakini mwambie.

Siku hiyo hiyo mpeleke kwa sheha wa mtaa akajulikane, na kwa muuza duka wa chini, ambaye kwa ulinzi anamshinda sheha.

Fedha ni fupi lakini ndizo zinazovunja. Unachopewa ni cha chakula, maji na umeme. Andika kwenye daftari, maana Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, inakwenda mbio akija mtu wa kompyuta na mashine ya kukaushia nywele. Usimkope mgeni hata shilingi. Na waambie ndugu zako, hasa wale wanaokuja kukutembelea ghafla akishafika mgeni. Mpwa wangu alimwomba mmoja simu kwa siri. Alimpa, na tangu siku ile hakukaa tena ukumbini na sisi kwa raha. Niliijua sababu yake wiki aliyoondoka.

Lugha iache ijiendee. Watoto watataka kufanya naye mazoezi ya Kiingereza, wape siku moja kwa wiki. Usimsahihishe kila neno, atanyamaza. Mwalimu bora nyumbani kwangu ni mama mkwe, kwa kuwa hajui neno la kigeni na hana haraka ya kwenda popote; yeye ni wa Makunduchi, na ndiye aliyewapeleka watatu kuona Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, mwezi wa Julai, wanaume wanapigana kwa migomba na kibanda kinachomwa moto.

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 1932 Mmarekani Donald Watt alianzisha mpango wa kuwapeleka vijana wa kwao Ulaya wakakae na watu wa huko badala ya kutazama makumbusho. Mpango ule, Experiment in International Living, ndio uliozaa SIT, chuo cha Kimarekani ambacho wanafunzi wake utawaona hapa Unguja wakisoma ikolojia ya pwani, nao pia hukaa majumbani. Mimi haya niliyasikia nimeshalea wanne.

Ukimpata wakati wa Ramadhani, usimlazimishe kufunga wala usimzuie, na chakula chake cha mchana kiwepo, kimefunikwa. Ila futari ndiyo umtume. Mtwishe bakuli la kaimati au mihogo ya nazi apeleke kwa jirani. Binti wangu wa Kijapani siku ya kwanza alitetemeka mlangoni kwa watu. Akarudi na bakuli lile lile lina tambi. Akaniuliza kama wamekataa chetu. Nikamwambia kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu. Akaandika kwenye daftari lake. Ukifika mwisho wa mwezi alikuwa anajua kila mlango wa ngazi ile na nani ana kisukari asipelekewe vitamu.

Siku ya kuondoka nilimjazia visheti kwenye bati la biskuti, la buluu, limebonyea upande mmoja, afikishe kwao. Imepita miaka miwili. Juzi amekuja mwanafunzi mwengine kutoka Osaka, hata sanduku hajafungua, ananikabidhi bati la buluu limebonyea upande mmoja. Ndani mna mikate myembamba ya mchele yenye chumvi, imevishwa majani meusi ya baharini. Mume wangu anasema ina harufu ya mwani wa Paje unaoanikwa juani. Kala sita.